Kaka, Mahakama Inakudhani Umefariki

Karakana ya Mabango,
Mkabala na stendi ya malori.
Jumapili asubuhi, tarehe 14.

Mpendwa kaka yangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Hujambo? Afya yako ikoje? Mgongo ule uliokuwa ukikusumbua kila ukipanda ngazi umetulia, au bado unaamka umepinda? Unakula vizuri? Naomba usicheke, wala usiipite aya hii haraka haraka. Najua kila barua huanza kwa kuulizana hali, na mara nyingi anayeuliza hangoji jibu. Mimi nangoja. Kwa mujibu wa karatasi iliyopigwa muhuri wa mahakama wewe si mzima, na aliyechangia kukufikisha huko ndiye huyu anayekujulia hali.

Sisi huku wazima. Mama anatembea, magoti yanamlalamikia na yeye anayalalamikia, kwa hiyo hakuna aliyeonewa. Macho yamepungua nguvu, ulimi haujapungua. Binti yako, yule Wembe wetu, amerefuka mpaka ananifika sikioni, na bado hakubali kushindwa maneno na mtu. Shemeji hajambo, nitamfikia. Mimi nimeota kitambi na mvi za pembeni, ambazo Mama anasema zimewahi kufika kuliko akili.

Barua hii utakabidhiwa na dereva wa lori la saruji, yule mwenye pengo anayecheka kama anakohoa. Tafadhali usimkasirikie. Hajanipa namba yako ya simu wala mtaa unaoishi, na nimembembeleza mpaka nimejichosha. Anasema aliahidi kutosema, hakuahidi kutobeba. Kwa hiyo amekubali kubeba karatasi, na mimi nimeamua karatasi hii ibebe kila kitu.

Nianze pale ulipotuachia. Uliondoka kwa kazi ya wiki tatu, kuandika majina kwenye maghala ya kampuni fulani huko mbali. Ukanipa funguo za karakana na kopo la rangi nyekundu lililobaki nusu, ukanionya nisiitie maji. Wiki tatu zikawa miezi. Simu yako ikawa haipatikani. Tulikwenda polisi, tukazunguka hospitali, na mimi niliingia peke yangu kwenye vile vyumba vya baridi ambako mtu hufunuliwa shuka upande wa uso tu. Kila nilipoona si wewe nilimshukuru Mungu, halafu nikaona aibu, maana yule aliyelala pale naye alikuwa ndugu wa mtu.

Miezi ikawa miaka. Katika miaka hiyo nimegundua kwamba mtu asiyeonekana haitwi jina moja, na kila jina lina watu wake. Polisi waliandika kwamba umepotea, kwa sababu kwao mtu na begi hupotea kwa namna moja. Kwenye tangazo la gazeti ukawa mtu asiyejulikana alipo. Majirani walisema umetoweka, na walilitamka neno hilo huku wakimwangalia shemeji, kama kwamba alikuficha kabatini. Wenye midomo mirefu walisema umetoroka. Mama peke yake ndiye aliyesema uko safarini, na alilisema kwa sauti ya mtu anayetafuta ugomvi, kwa hiyo hakuna aliyembishia.

Mimi sikusema neno lolote kati ya hayo. Nilisema tu hujarudi. Nilidhani nikibaki na neno hilo dogo nitakuwa salama.

Mwaka juzi shemeji alichoka, na sitaki umlaumu. Alikuwa mke wa nani? Kila karatasi aliyopelekewa ilitaka saini ya mume. Kila mtu aliyemkaribia alimwuliza habari zako kabla ya kumwuliza zake. Pale mapokezi ya zahanati anapofanya kazi, wagonjwa wageni walimwita kwa jina lako, lililoandikwa kwenye beji yake, na wenzake wakawa wanainamisha vichwa. Akaenda kwa wakili, na akaniomba nifuatane naye kwa sababu mimi ni ndugu yako wa tumbo moja.

Wakili wetu ni mwanamke mdogo wa umbo, huvaa viatu vya raba chini ya joho lake, na huongea polepole kama anayewavusha watoto barabara. Alituambia kuna kitu kinaitwa dhana ya kifo. Nikamjibu kwamba mimi ni fundi wa mabango, ninachokijua ni kudhani mvua itanyesha nisipake rangi. Akatabasamu, akasema ya mtaani kila mtu hudhani apendavyo, ila ya mahakamani ina masharti. Ikithibitika kwamba mtu hajasikika kwa miaka iliyotajwa na sheria, na kwamba hawajasikia habari zake wale hasa ambao wangepaswa kusikia, yaani mke, mama na ndugu, basi sheria humchukulia kuwa amefariki, mpaka aonekane mtu wa kuonyesha vinginevyo.

Unanijua, siachi swali likapita. Nikamwuliza kama basi ni sawa na kukisia. Akasema hapana, kukisia hakuna masharti. Na kushuku? Kushuku kunamfaa mwizi. Kuamini? Kuamini ni kazi ya moyo, na mahakama haina moyo, ina jalada. Na kuthibitisha kifo chenyewe, akasema, kungetaka mwili au cheti cha daktari. Dhana inakaa katikati ya hayo yote. Haisemi kwamba ni kweli umekufa. Inakaa tu mahali pa ukweli, inashika nafasi, mpaka ukweli wenyewe ufike. Nikamwelewa kwa lugha ya karakana: hii si rangi, ni kibandiko. Kinashika, kinastahimili jua, lakini mwenye ukuta akija anaweza kukibandua.

Nakueleza haya kirefu ili uone kwamba nilielewa. Sikuwa mjinga wa sheria siku ile niliposimama. Nilijua nyumba nzima ya maneno yale inasimama juu ya nguzo moja, kwamba sisi hatujasikia habari zako.

Na mimi nilikuwa nimesikia.

Wiki moja kabla ya kesi kusikilizwa, dereva wa saruji alikuja karakanani kuandikiwa maneno kwenye bodi ya lori lake. Nikampigia mistari kwa chaki, nikaanza herufi. Akanisimamisha nilipofika kwenye R, ile yetu ya mguu mrefu aliyotufundisha Baba, inayotoka nje ya mstari kama mtu aliyenyoosha mguu kwenye benchi. Akasema huko anakopeleka mzigo kuna fundi mmoja anaiandika hivyo hivyo. Mtu mkimya, akasema, mkono wake umenyooka hata bila rula, na kila akimaliza bango hurudi nyuma hatua mbili, akalikunjia uso kana kwamba limemtukana.

Kaka, brashi ilinidondoka. Nikamwuliza umri, nikamwuliza kovu la kwenye kidevu. Yote yalikuwa yako. Akaniambia zaidi, kwamba kampuni ya maghala iliwadanganya, kwamba uliona haya kurudi mikono mitupu, na ile haya ya mwezi wa kwanza ikazaa nyingine, mpaka ikafika mahali ambapo kurudi kukawa kugumu kuliko kukaa. Akasema uliwahi kumwuliza, kwa kupitapita tu, kama karakana ya mkabala na stendi ya malori bado ipo. Alipokuahidi kurudi na jibu ukamkataza asimwambie yeyote unakoishi.

Dereva alidhani nitaruka kwa furaha. Nilimaliza bodi yake, nikamwambia herufi zinafanana kila mahali, nikamuaga. Nilifunga karakana mchana kweupe, nikakaa ndani juu ya makopo.

Nimejitungia sababu nyingi tangu siku ile. Nilijiambia nanyamaza kwa ajili ya shemeji, ili apate uhuru wake bila mizengwe. Nilijiambia kwamba ukitaka kufichika una haki yako. Nilijiambia huenda si wewe, ingawa hilo halikunishika hata kwa dakika moja. Ukweli ni kwamba nilipandwa na hasira. Nilikumbuka zile shuka za vyumba vya baridi. Nilikumbuka Mama akiacha taa ya mlangoni ikiwaka, na wewe uko mahali, unakula, unarudi nyuma hatua mbili kuangalia mabango yako. Nikasema moyoni, kama umeamua kufa kwetu, basi kufa kabisa, nami nitakusaidia. Ndivyo nilivyosema, kaka. Nimeandika kama nilivyosema.

Chumba cha mahakama ni kidogo, kina madirisha ya juu na feni inayozunguka kwa kulazimishwa. Aliitwa shemeji kwanza. Akaeleza vizuri, bila kulia, na bila kukusema vibaya. Kisha akaitwa Mama. Alikataa kiti, akashika ukingo wa kizimba, na hakimu alipomwuliza anaamini nini kuhusu mwanawe, akajibu, "Mwanangu hajafa. Ana kiburi tu, kama marehemu baba yake." Chumba kizima kilicheka, hata askari wa mlangoni. Hakimu hakucheka. Akamwuliza kwa upole kama amepata habari yoyote kutoka kwako, Mama akasema hapana, na hakimu akaandika hapana.

Kisha mimi. Niliapa, nikasema jina langu na kazi yangu. Hakimu akaniuliza swali lile lile, kwa maneno yaliyonyooka yasiyo na kona ya kujificha. "Wewe ni ndugu yake. Umepata kusikia habari yoyote kwamba yuko hai?"

"Sijasikia, mheshimiwa."

Basi. Sikutetemeka, sauti haikukatika. Nimewahi kutetemeka zaidi nikiagiza chai. Niliposhuka kizimbani Mama alikuwa ananitazama, na nikamkwepa kwa kujifanya napekua mfuko.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki kadhaa. Tulikwenda kuchukua nakala kwa karani, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, na mimi kwa ujinga wangu wa kufanyia mzaha kila kinachoniumiza nikamwuliza kama ungeweza kuandikwa hayati badala ya marehemu, maana hayati lina sauti nzuri. Akanitazama juu ya miwani. Akasema hayati watu humwita mkubwa aliyeombolezwa na wengi, marehemu ni kila mtu, na ndugu yangu si huyo wala yule, kwenye karatasi hii ameandikwa anayedhaniwa amefariki. Akaniambia nisiwe na haraka na maneno ya watu. Nilicheka, lakini yaliniingia.

Hata hivyo nyumbani hakuna anayeongea kwa maneno marefu kama ya karani. Neno refu likivuka kizingiti hukatwa. Katika mwezi mmoja ukawa marehemu kwa kila mtu isipokuwa Mama. Shemeji akaniomba nichonge kibao kidogo cha ukumbusho, akiweke ukutani kwa ajili ya mtoto. Nilichonga jina lako, nikachonga mwaka wa kuzaliwa, nikavuta kistari, nikakwama. Nilimwendea wakili kumwuliza niandike mwaka gani. Akaniambia mahakama imedhani kwamba umefariki, haikudhani ni lini. Kibao kile nimekigeuzia ukutani, na kila mteja anayeuliza namwambia ni kazi ambayo mwenyewe hajaifuata.

Lililonikata maini ni la Wembe. Alikuja karakanani na fomu ya shule, akafika kwenye mstari wa baba, akaniuliza, baba mdogo, niandike marehemu? Nilikuwa na nafasi pale, kaka. Tulikuwa wawili tu. Nikamwambia ndiyo, andika. Akaandika kwa mwandiko mzuri, na R yake ina mguu mrefu, ingawa hakuna aliyemfundisha isipokuwa mabango yako ya zamani. Akapuliza wino ukauke, akaondoka zake anaimba. Sijapata usingizi wa maana tangu hapo.

Sasa nikupe habari ambayo ndiyo inanifanya niandike leo. Shemeji amepata mchumba, fundi wa friji wa barabara ya pili. Ni mtu mwema, nakuambia bila kukuficha. Maneno hana, friji anazotengeneza zinaongea kumzidi. Wembe amemzoea. Arusi yao ilipangwa mwezi ujao, na kazi ya bango la ukumbini nikapewa mimi, shemeji mtu mwenyewe, kama zawadi. Niliandika jina la bibi arusi. Niliandika la bwana arusi. Nikarudi nyuma hatua mbili kuliangalia, nikaona ninachokifanya. Namwozesha mke wa mtu aliye hai, kwa brashi yangu, na ni mimi peke yangu mji mzima ninayejua.

Siku hiyo hiyo, Jumatano tarehe 3, nilikwenda kwa shemeji. Nilimkuta anapiga pasi sare za kazi. Nikamwambia kabla sijakaa, kwa sababu nilijua nikikaa nitaongea habari za hali ya hewa. Hakupiga kelele. Alichomoa pasi ukutani, akaisimamisha, akaniuliza nilijua tangu lini. Nikamwambia tangu wiki moja kabla ya kesi. Akakunja gauni alilokuwa analipiga pasi, akalikunjua, akalikunja tena.

"Mimi sikuhitaji afe," akasema. "Nilihitaji aseme. Na wewe ulikuwa na jibu langu mfukoni mwaka mzima."

Nilidhani ninamfungulia mlango, kumbe nimemjengea nyumba juu ya mchanga na nikamwacha apange fanicha. Kama angeolewa, halafu wewe ukatokea siku moja, angekuwa mke wa nani tena? Swali lile lile lililompeleka kwa wakili ningemrudishia, safari hii mbele ya wageni waalikwa.

Alimwambia mchumba wake mwenyewe, hakutaka nimsemee. Kesho yake fundi wa friji alikuja karakanani, na nilijiandaa kupigwa. Alisimama mlangoni akiwa na bisibisi yake, akasema atasubiri, akaondoka. Nadhani hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa. Ningefurahi zaidi kama angenipiga.

Mama ndiye aliyenipiga. Nilimweleza Ijumaa ile, nikiwa nimepiga magoti mbele ya kiti chake ili asihangaike kuinuka. Alinizaba kofi moja la uhakika, la kwanza tangu niko darasa la nne, halafu mkono ule ule akauacha pale pale shavuni kwangu. Kisha akaniuliza kama unakula. Nikamwambia sijui. Akasema basi nikuulize.

Jumatatu asubuhi nikamaliza na wakili. Huyo ndiye niliyemwogopa zaidi, na haki yangu. Alivua miwani, akaniambia nimemtumia kama ngazi. Akanifafanulia kwa sauti ile ile ya polepole kwamba nilichofanya kinaitwa kiapo cha uongo, kwamba watu wengine hukiita kusema uongo mahakamani, wengine kuficha ukweli, na wengine kuteleza ulimi, na kwamba hayo matatu ya mwisho ni majina ambayo mkosaji hujichagulia. Kosa lina jina lake moja na lina adhabu yake. Sikubishana. Nimejiita mtu wa kunyamaza mwaka mzima, na lilikuwa jina zuri sana.

Ombi la kutengua uamuzi litasikilizwa Jumanne, tarehe 23 mwezi huu. Nitapanda kizimba kile kile na kusema nilijua. Nikifungwa, nimefungwa, karakana nimemkabidhi binamu yetu, yule mwenye herufi kama kuku waliokimbizwa. Wateja watanikumbuka haraka.

Lakini maneno yangu hayatoshi, kaka, na hapa ndipo penye ombi langu. Wakili anasema mtu aliyekwisha sema uongo mara moja akisema mara ya pili kwamba anasema kweli, hakimu ana haki ya kujikuna kichwa. Ninachojua nimekisikia kwa dereva, na dereva hataki kusimama popote. Hakimu akikataa kuniamini, utabaki unadhaniwa umefariki, na shemeji atabaki anajua kwamba u hai. Hatakuwa mjane, hatakuwa mke, na fundi wa friji ataendelea kusubiri mlangoni. Hilo ni baya kuliko pale tulipoanzia, na nimelitengeneza mimi.

Njoo. Dereva atapita hapo ulipo akirudi, na nimekwisha mwomba kiti cha mbele kikae wazi. Huhitaji kuja na kitu chochote. Kama ni ile haya ya mikono mitupu ndiyo inakushika, naomba uiangalie mikono yangu, halafu useme ni nani kati yetu atakayeona haya kumwangalia mwenzake. Ukiisha kuwa hai, wewe na shemeji mtakaa na kuamua yenu. Kama ni kuachana, muachane kwa mdomo wako na kwa sheria, awe huru kwa kweli. Kama ni jingine, mimi sina kauli. Niliwahi kuamua kwa niaba yenu na umeona nilivyoamua.

Tulipopeleka ombi nilimwuliza yule karani mwenye miwani kama utalazimika kuleta vyeti, picha, mashahidi. Akasema vitasaidia kama vipo. Ila katika miaka yake yote, ushahidi mfupi kuliko wote aliowahi kuuona wa kuondoa dhana ya kifo ni huu: jina linaitwa, na mwenye jina anaitika.

Nimalizie kwa salamu. Mama anakusalimu sana, na swali lake umekwisha lisoma juu kabisa. Binamu anakusalimu na anaomba usiangalie kazi zake kabla hujapumzika. Shemeji hajatuma salamu, nami siwezi kumtungia. Mungu akulainishie barabara, akutulizie mgongo, na akikuona unasita kupanda lori, akusukume kidogo.

Wembe hakusalimu, kaka. Mama yake amekataa aambiwe mpaka uonekane kwa macho, asije akafiwa mara mbili na baba mmoja. Hajui kama yupo mtu wa kumsalimu.

Ni mimi, mdogo wako, niliyekukosea na nikupendaye.